Baba Aliyewaita Bata

Juzi jirani yangu hapa Masuguru alipata wageni, akachinja bata. Alipommwagia maji ya moto ili amnyonyoe, mvuke ukavuka ua na kunikuta kibarazani nikichambua mchele. Harufu ya manyoya mabichi, nzito, yenye mafuta na tope. Nikauweka ungo chini. Wenzangu wa rika langu mliokulia kwenye makambi ya mkonge mtanielewa nikisema kwamba pua haizeeki. Magoti yamechoka, macho hayaoni bila miwani, lakini pua ilinishika mkono mara moja ikanirudisha kwetu. Nikamwona mama amechuchumaa mlangoni, bata mwitu wawili kwenye karai, na baba amekaa pembeni akipiga mswaki wa mti, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Kazi yake ilikuwa kuita bata.

Baba alikuwa Mzigua wa Handeni, na Handeni mnaijua, mvua ikikosa inakosa kweli. Mwaka mmoja wa njaa, akiwa bado mdogo, kaka zake walimfundisha kulala kifudifudi kwenye nyasi kando ya lambo na kupiga mluzi mpaka bata washuke. Alikuwa na mwanya mdogo kati ya meno mawili ya mbele. Akiubana ulimi pale, ulitoka mluzi wa sauti tatu, ya kwanza fupi, mbili za mwisho zinateremka, na hakuna bata aliyeweza kujua kwamba aliyepiga ni mtu. Bibi alikuwa akisema mwanya ule ulilisha nyumba nzima.

Alipokuwa kijana akaja kwenye mkonge upande huu wa Mazinde, akakata mkonge kama wengine. Siku moja meneja wa shamba, Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, alipita na bunduki kando ya bwawa akawakuta bata wanamzunguka mkata mkonge aliyekaa kwenye tuta anapumzika. Tangu siku ile baba akakiweka chini kisu cha mkonge. Akapewa kazi ya kutunza bustani ya meneja, na msimu wa bata ukifika, kazi yake ni bata tu. Tukapewa nyumba ya bati, chumba na ukumbi, nyuma ya bustani ile. Mama, binti wa Kisambaa aliyeshuka mlimani akitegemea kuishi kwenye nyumba ya nyasi, aliisakafia kwa mikono yake mwenyewe na kupanda maua ya manjano mlangoni. Mvua ikinyesha alikuwa akisimama katikati ya ukumbi na kusikiliza lile bati.

Bwawa letu lilikuwa chini ya Mkumbara, maji ya mlimani yanapojikusanya kabla ya kupotelea nyikani. Masika yakiisha na vidimbwi vya porini kukauka, bata walihamia pale makundi kwa makundi. Walikuwa wale wenye uso mweupe, shingo nyeusi na kifua cha rangi ya kutu, wanaosimama wima ukingoni kama watu wanaosubiri posho. Kwa kuwa nyuso zao zilikuwa nyeupe, mimi nilijua kwa hakika kwamba ni bata wa Wazungu, wametoka kwao, na ndiyo maana kila Jumapili Wazungu wa mashamba ya mkonge walikuja na magari kuwachukua. Sikuona ubaya wowote. Mtu anachukua mali yake.

Jumapili mimi sikuruhusiwa kufika bwawani. Siku yangu ilikuwa Jumamosi. Baba alikwenda kutazama bata wamelala upande gani, ili kesho yake ajue pa kuwaweka wenye bunduki, na alinichukua. Alinibeba mabegani kupita kwenye matope, na tulipofika kwenye matete aliniweka chini, akakaa nyuma yangu na kunizungushia miguu yake pande zote mbili kama kiti. Tulinong'ona. Alinionyesha dume na jike wanavyochokoana manyoya ya shingo, kila mmoja akimsafisha mwenzake pale asipopafikia.

"Tazama, mama," aliniambia. Alizoea kuniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Hawa wakioana wameoana."

Mwaka ule nilikuwa nimeanza shule, na mwalimu wetu alituambia tuhesabu kila tunachokiona njiani: nguzo za simu, mbuzi, mabehewa ya treni. Nikahesabu bata. Nilifika mia, nikakunja kidole kimoja, nikaanza tena. Nilikunja vidole vyote vya mkono mmoja na bado maji yalikuwa meusi kwa bata, nikachoka na kusinzia kwenye kifua cha baba. Ilikuwa furaha kubwa. Niliona kwamba dunia ina vitu vingi kuliko namba nilizofundishwa.

Msimu uliofuata nilikunja vidole viwili tu.

Niliona lakini sikufikiri. Labda wengine wamechelewa, nilijiambia. Wiki ile ile bibi, mama yake baba, akaja kututembelea kutoka Handeni na kikapu chake cha viazi. Akanikuta uani nawahesabu kuku wa mama, mmoja, wawili, watatu, namnyooshea kila mmoja kidole. Akanishika kidole kile akakikunja.

"Mjukuu wangu, chenye roho hakihesabiwi," akasema. "Ukihesabu kuku, mwewe anasikia."

"Akisikia anafanya nini, bibi?"

"Anakuja kupunguza."

Alisema kwa upole tu, kama wakubwa wanavyosema mambo wakiwa na kazi nyingine mkononi, kisha akaingia ndani kumsaidia mama viazi. Hakujua ameniacha na nini pale uani. Nilisimama na kidole changu kimekunjwa, na hesabu yote ikanijia. Vidole vitano mwaka jana, viwili mwaka huu. Ni mimi.

Sikumwambia mtu. Mtoto akishikwa na kosa kubwa hivyo halisemi, analibeba. Nilikoma kuhesabu kuku, nikakoma kuhesabu nguzo za simu. Lakini bata sikuweza kuwaacha, kwa sababu ili nijue kama kosa langu limesamehewa ilibidi nijue kama wamerudi, na ili nijue kama wamerudi ilibidi nihesabu tena. Kila Jumamosi nilikaa ndani ya miguu ya baba nikihesabu kimyakimya bila kutikisa mdomo, na kila Jumamosi walikuwa pungufu. Shuleni mwalimu aliposema nisimame nihesabu mpaka hamsini nilisimama nikanyamaza. Nikachapwa. Nikasimama tena nikanyamaza tena. Mwalimu akaniona jeuri, na mama akaambiwa, naye akaniuliza una nini mwanangu, nikasema kichwa kinauma.

Msimu wa tatu walikuja bata arobaini na mmoja.

Hiyo hesabu ninayo mpaka leo. Jumamosi ile tulipokuwa tunaondoka baba aligeuka mara mbili kutazama maji, na sikuthubutu kumtazama usoni maana niliamini ananishuku.

Jumapili asubuhi mama alipokwenda shambani niliondoka nyumbani peke yangu. Nia yangu ilikuwa kuwaomba bata msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote: shikamooni, mimi ni Zaina wa Mhando, nilikuwa sijui, sitarudia. Niliingia kwenye matete kwa upande wa mashariki, ambako baba hakuwahi kunipitisha, nikatembea mpaka maji yakafika mapajani. Bata walikuwa mbele yangu, karibu kuliko walivyopata kuwa. Nikafungua mdomo nianze na shikamoo.

Bunduki ikalia.

Sijui niwaelezeje sauti ile juu ya maji. Bata wote waliinuka kwa pamoja, na wawili watatu wakaanguka kama nguo zinazodondoka kwenye kamba. Waliobaki wakaruka juu, wakaelekea mlimani, na nikafurahi, nikasema wamepona, nendeni, nendeni. Hapo ndipo niliposikia mluzi. Sauti tatu, ya kwanza fupi, mbili zinateremka. Ulitoka kwenye matete ya ng'ambo, mtamu, kama mtu anayemwita mwenzake chakula kimeiva. Nikaona kundi lile linapinda angani. Wakageuka. Wakarudi walikotoka, wakiitikia, wakishuka, wakinyoosha miguu yao kutua kando ya wenzao waliolala majini, na bunduki zikalia tena.

Niliujua mluzi ule. Ndio ambao baba alikuwa akinibembelezea usingizi.

Mara ya tatu nilipiga kelele. Punje za marisau, zile risasi ndogo za bunduki ya ndege, zilizoishiwa nguvu zilikuwa zikidondoka majini kunizunguka kama mtu anayetupa konzi za mchele, na sikujua ni nini, lakini nilijua ni baya. Nilipiga kelele za kumwita baba, na mluzi ukakatika katikati.

Alikuja akiyapasua maji kwa magoti. Alinikamata chini ya kwapa akaninyanyua, akanigeuza, akanipapasa kichwa, mgongo, tumbo, miguu, akanigeuza tena. Nyuma yake Bwana Miwani alikuwa amesimama kwenye tuta, bunduki ameielekeza chini, uso umemwiva.

"Mhando! Wewe wazimu? Mtoto nafanya nini hapa?" alipiga kelele kwa Kiswahili chake. Kisha sauti ikamshuka. "Naumia? Mtoto naumia?"

"Hapana, bwana. Mzima," baba akasema.

Mzungu akakaa chini palepale kwenye tope, na suruali yake nyeupe. Nayataja hayo kwa sababu sitaki mdhani alikuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Siku ile hawakupiga tena. Waliokota bata wao wakaondoka, na baba akanibeba mabegani kurudi nyumbani, ingawa nilikuwa nimekuwa mkubwa wa kubebwa.

Tulitembea mpaka tulipovuka reli ndipo akaniuliza nilifuata nini bwawani. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa juu na uso wake sikuuona, nikaweza kusema.

"Nilikwenda kuwaomba radhi, baba. Mimi ndiye niliyewamaliza."

"Umewamaliza nani?"

"Bata. Niliwahesabu. Bibi alisema ukihesabu chenye roho mwewe anasikia. Niliwahesabu mwaka juzi, na mwaka jana, na mwaka huu."

Akasimama. Nilihisi kifua chake kinacheka chini ya miguu yangu, kidogo, kisha kikaacha. Akavishika vifundo vya miguu yangu.

"Ndiyo maana ukagoma kuhesabu shuleni?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima umekaa na hilo peke yako?"

Nilikuwa nalia juu ya kichwa chake, machozi yanaingia kwenye nywele zake.

"Sikiliza, mama. Si wewe. Hata ungewahesabu asubuhi na jioni, si wewe."

"Ni nani basi? Ni Wazungu?"

Baba akaanza kutembea tena. Tulipoliona bati la nyumba yetu likimeta ndipo akasema, taratibu, kama mtu anayezungumza na njia: "Bunduki haiwezi kumrudisha bata aliyekwishakimbia. Wao wanarudi kwa sababu wanadhani ni mwenzao anawaita. Na ni mimi."

Akaniteremsha mlangoni. Hakula siku ile.

Alhamisi alikwenda kwenye zahanati ya shamba. Tulikuwa na dresa mmoja pale, mtu mnene mwenye koleo la kung'olea meno ambalo kambi nzima ililiogopa. Baba alirudi na kitambaa kimelowa damu mdomoni. Mama akaacha kupeta mahindi, akamfuata ndani, akamwambia afungue mdomo. Akachungulia. Mahali palipokuwa na jino moja la mbele, la upande wa kulia wa mwanya, palikuwa na shimo.

"Lilikuwa linauma," baba akasema kwa tabu.

"Linauma?" Mama aliiweka mikono kiunoni. "Jana usiku umemenya muwa kwa jino hilo hilo, Baba Zaina. Nimekuona kwa macho yangu. Umeng'oa jino zima?"

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akatazama dari ya bati. Nadhani aliyaona yote pale pale, mpaka mwisho wake. Akatoka nje akaendelea kupeta, na makapi yakaruka uani kwa nguvu.

Yaliyotokea Jumapili tulisimuliwa na dereva wa meneja. Bata walipoinuka, Bwana Miwani alisubiri mluzi. Baba akabana ulimi, akapuliza, ikatoka hewa tupu na mate ya damu. Akajaribu tena mbele yao wote, bata wakaenda zao. Mzungu akamtazama mdomoni, akasema pole sana, akampa dawa ya kusukutua. Wiki mbili baadaye wakajaribu tena. Wiki ya tatu meneja akamleta mtu mwingine na filimbi ya bati, na bata waliposikia filimbi ile walipanda juu wakavuka mlima. Mwisho wa mwezi tuliambiwa nyumba inahitajika, na kwamba baba atarudi kwenye mkonge. Hakufukuzwa kwa ukali. Hakuwa tena na kazi pale, ndivyo ilivyokuwa.

Tulihamia kambini, kwenye nyumba ya nyasi ambayo mlango wake ulitazamana na vyoo. Mama aling'oa maua yake na mizizi yake akayabeba kwenye debe, yakafa. Mvua ya kwanza ilipovuja kitandani alisimama katikati ya chumba kama zamani, lakini sasa alikuwa ameshika sufuria. Baba alikuwa amepita umri wa kukata mkonge. Alirudi mchana mikono imechomwa na miiba, vidole vimevimba, na mama alichukua sindano akamtoa miiba mmoja mmoja, kwa uangalifu kabisa, bila kumwambia neno. Hakugombana naye. Alizungumza naye kupitia kwangu. "Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." "Muulize baba yako kama kesho ana zamu." Nami nilimgeukia baba aliyekaa hatua mbili kutoka kwetu nikamwambia, naye akanijibu mimi.

Hali hiyo ilidumu karibu mwaka. Nikajifunza kwamba kuna hasira ambayo ndani yake bado mtu anakutoa miiba.

Msimu uliofuata Wazungu walikuja mara mbili tatu wakapiga bata wachache, kisha wakaanza kwenda mahali pengine. Sitawadanganya kwamba bwawa lilijaa tena. Halikujaa kama lile nililosinzia mbele yake, wala sijaliona hivyo tena. Lakini waliobaki walibaki.

Masika yakaja. Asubuhi moja mama na mimi tulikwenda kuchota maji kwenye mfereji unaoshuka kuelekea bwawani. Mvua ilikuwa imekatika wakati huo huo, njia inateleza. Mama alikuwa mbele na debe limejaa kichwani, mimi nyuma na kibuyu. Ghafla akasimama. Nikampita kidogo kwa ubavu nione.

Bata jike mwenye uso mweupe alikuwa anavuka njia. Nyuma yake wanawe, wadogo kama ngumi, wa manjano na weusi, wanajikwaa kwenye nyayo za watu zilizojaa maji. Kila unyayo ulikuwa kwao ziwa. Wanaingia, wanahangaika, wanapanda, wanaingia mwingine. Dume alikuja mwisho, ananyoosha shingo kututazama.

Nilijua tulivyokuwa siku zile. Hatukuwa tumeonja nyama tangu mavuno. Bata yule alikuwa hatua tatu tu, na hakuweza kuruka akawaacha watoto. Nikamtazama mama mkono, kama utaliteremsha debe.

Hakuliteremsha. Alisimama vile vile, shingo imenyooka, maji yanamchuruzika usoni na kuingia kwenye kanga, akingoja. Mtoto wa mwisho alikwama kwenye unyayo mkubwa. Alipanda akateleza, akapanda akateleza. Mama akanyoosha mguu wake taratibu, akabonyeza ukingo wa tope kwa kidole gumba, na yule mdogo akatoka akakimbilia wenzake. Nyasi zikafunga nyuma yao.

"Haya, twende," mama akasema.

Jioni tulikula ugali na dagaa, baba upande wake, akitafuna kwa jino la kando. Nilikuwa nasubiri mama aniambie nimwambie baba habari za asubuhi, nikawa nimeshayapanga maneno. Hakuniambia. Alimeza tonge, akainua macho, akamtazama baba moja kwa moja.

"Baba Zaina," akasema, "leo nimewaona watu wako."

Baba akaacha kutafuna. "Wapi?"

"Mferejini. Wana watoto."

Hakuuliza wangapi. Aliinamisha kichwa juu ya sahani, akakaa hivyo, na mama akachukua dagaa zilizobaki upande wake akazisogeza zote upande wa baba.